Namna ya Kuchunguza na Kusoma Picha ya Kitabu Iliyochongwa kwenye Shaba: Mfano wa Hogarth na Hudibras, 1726

Mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na picha ya zamani ya kitabu inayosemekana kuwa kazi ya William Hogarth huanza kwa kuuliza picha hiyo ina maana gani. Mwongozo huu unalichelewesha swali hilo hadi mahali pake. Tutaanza na karatasi, twende kwenye mistari, tufike kwenye maandishi yaliyo ukingoni, na hapo ndipo tulifungue shairi na kuitafuta kejeli iliyomo. Nimeshika utaratibu huu kwa sababu kejeli ya Hogarth imejengwa juu ya vitu vidogo mno, na vitu hivyo hufifia katika chapa iliyotolewa na bamba lililochakaa, au hubadilishwa kabisa na mnakili asiyejali. Anayefasiri nakala ya namna hiyo hufasiri makosa ya mtu mwingine akidhani anamsoma Hogarth.

Mfano nitakaoutumia ni picha alizozichora kwa ajili ya Hudibras, shairi la Samuel Butler, zilizotolewa London mwaka 1726. Zinafaa kwa somo kwa sababu zipo za aina mbili, kubwa na ndogo, zimenakiliwa sana, na shairi lenyewe lipo, hivyo tunaweza kuipima picha kwa maneno iliyotokana nayo.

Mambo ya kujua kwanza

Hogarth alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1697. Baba yake alikuwa mwalimu aliyefungua mkahawa wa kahawa ambamo wateja walitarajiwa kuzungumza Kilatini. Biashara ikafa, naye akafungwa kwa madeni katika gereza la Fleet. Mwaka 1714 kijana akapelekwa uanagenzi kwa sonara aitwaye Ellis Gamble, na kazi aliyojifunza huko ilikuwa kunakshi nembo za familia kwenye sahani, vikombe na vijiko vya fedha. Mwaka 1720 alifungua karakana yake mwenyewe, na mwaka uliofuata akachora picha ya kuwakejeli waliofilisika katika ulanguzi wa hisa za kampuni ya South Sea.

Usonara huo si habari ya kupita. Aliyewahi kukaa katika duka la sonara na kumtazama akinakshi ataona kwamba mkono unaoshika chuma hauchezi chezi: ukitakiwa mstari wa kupinda, kinachozungushwa ni kitu chenyewe, na chuma husukumwa mbele tu. Ndivyo inavyofanyika pia kwenye shaba. Bamba huwekwa juu ya mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga, likazungushwa kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukisukuma chombo chenye ncha ya pembe, nacho huinua uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji nyuma yake. Njia ya pili ni ya tindikali. Bamba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali ikala mahali palipofunuliwa. Hogarth alizitumia njia zote mbili, mara nyingi kwenye bamba moja, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi iliyo mbele yetu.

Ama shairi, lilitoka katika sehemu tatu, mwaka 1663, 1664 na 1678. Linamdhihaki shujaa bandia, Sir Hudibras, pamoja na mtumishi wake Ralpho, wanaotoka kwa farasi kwenda kuirekebisha nchi katika zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uingereza. Hudibras ni Mpresibiteri anayejiona kuwa mlinzi wa dini na maadili, na kila anachokigusa kinamgeukia. Msomaji wa tenzi atafurahi kujua kwamba kila mshororo wa shairi hili una mizani nane kwa kawaida, kama utenzi wetu, ila vina vinakwenda viwili viwili badala ya kufungwa katika beti za mishororo minne. Mwendo ule ule ambao kwetu umebeba vita vya mitume na mawaidha kwa mabinti, Butler aliufanya punda wa kubebea mizaha, na wasomaji wake walizoea kuusikia hivyo.

Vifaa

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile ile ambayo sonara huibana jichoni, tochi ndogo, rula ya milimita, penseli na daftari, na karatasi nyeupe safi ya kutandika mezani. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Osha mikono na uikaushe vizuri. Glovu za pamba hazihitajiki, kwa kuwa hufanya vidole visihisi ukingo wa karatasi, na ukingo wa zamani huchanika kwa kuguswa vibaya mara moja tu.

Kama huna chapa halisi, unaweza kujifunza sehemu kubwa ya mambo haya kwa picha za kidijitali zinazotolewa bure na British Museum na Metropolitan Museum of Art, ambazo huweza kukuzwa sana kwenye kioo cha kompyuta. Hatua ya kwanza na ya pili, hata hivyo, zinadai karatasi iwe mkononi.

Hatua ya 1: Tafuta alama ya bamba, kisha upime

Laza picha mezani, zima taa ya juu, washa tochi na uishike chini kabisa kando ya karatasi ili mwanga upite juu yake kama jua la magharibi. Kuzunguka mchoro utaona bonde lenye kingo nne zilizonyooka. Hiyo ndiyo alama ya bamba.

Inatokana na namna picha inavyochapwa. Wino hupakwa kwenye bamba zima na kushindiliwa ndani ya mifereji, kisha uso wa juu hufutwa kwa kitambaa na kumaliziwa kwa kiganja, mpaka wino ubaki mferejini tu. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu yake, hufunikwa kwa blanketi, na vyote hupitishwa kati ya roli mbili nzito. Karatasi husukumwa ndani ya mifereji ikaufuata wino huko huko, na kingo za bamba huacha alama yake kwa nguvu hiyo hiyo. Picha isiyo na bonde huenda imekatwa ndani ya alama, jambo la kawaida kwa chapa zilizowahi kutiwa fremu, au haikuchapwa kwa shaba kabisa. Jihadhari pia na bonde la uongo, kwa maana wachapaji wa baadaye walijua kulikandamiza kwa kipande kitupu ili nakala ionekane ya kale.

Pima bonde hilo kwa milimita, urefu kwanza na upana baadaye, na uandike. Picha kubwa za Hudibras ni 12, zilizouzwa London na Philip Overton zikiwa seti ya kujitegemea kwa watu waliojiandikisha mapema. Nyingi kati yake zina upana wa sentimita 35 hivi, na mbili, ile ya msafara wa Skimmington, yaani wa kumzomea mume aliyepigwa na mkewe, na ile ya kuchoma mikia ya nyama mbele ya lango la Temple Bar, zinakaribia sentimita 50. Picha ndogo zilichapwa kwa ajili ya toleo dogo la mwaka 1726, kitabu cha kuingia mfukoni, na katika hizo Hogarth aliwafuata kwa karibu wachoraji wa toleo lililotangulia. Ukikuta tofauti ya milimita mbili au tatu kati ya kipimo chako na cha makumbusho, usishtuke: karatasi iliyochapwa ikiwa mbichi husinyaa inapokauka, na haisinyai sawa kila mara.

Kama picha ingali ndani ya kitabu, geuza ukurasa. Nyuma yake panapaswa kuwa patupu, kwa sababu herufi na picha za shaba hazikuweza kuchapwa kwa mtambo mmoja. Picha zilichapwa kando na kupachikwa na mfunga vitabu. Kwa hiyo hesabu picha zote kabla ya kununua kitabu chochote cha namna hii. Kilichopachikwa ni rahisi kunyofolewa, na vitabu vingi vimenyofolewa.

Hatua ya 2: Ihoji karatasi

Inua karatasi mbele ya dirisha. Karatasi ya mwaka 1726 ilitengenezwa kwa matambara, kwa ungo wa nyuzi za shaba, na nyuzi hizo zimeacha kivuli chao: mistari myembamba iliyosongamana kuelekea upande mmoja, ikikatwa na mistari mipana zaidi iliyoachana kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu. Ukiona mistari hiyo umepata karatasi ya aina inayotarajiwa, ingawa karatasi kama hiyo ilitengenezwa kabla na baada ya hapo.

Ukikosa mistari kabisa, na karatasi ikawa laini yenye mwanga sawa kila mahali, umepata ushahidi mzito wa kukanusha. Karatasi ya ungo wa kufumwa iliingia katika vitabu vya Kiingereza mwaka 1757, ilipotengenezwa na James Whatman kwa ajili ya mchapishaji John Baskerville. Chapa iliyo kwenye karatasi hiyo haiwezi kuwa ya mwaka 1726. Inaweza kuwa imetoka kwenye bamba la asili, kwa kuwa mabamba ya shaba yaliuzwa kutoka mkono hadi mkono na kuendelea kuchapwa miaka mingi, lakini tarehe ya kuchapwa kwake ni ya baadaye. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, nami naomba uyatenganishe katika daftari lako tangu mwanzo: mwaka wa bamba ni kitu kimoja, na mwaka wa chapa ni kitu kingine.

Andika pia alama ya maji, yaani mchoro au herufi zinazoonekana ndani ya karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, ikiwepo. Ichore kwa penseli jinsi ilivyo, hata kama huitambui.

Hatua ya 3: Usome mstari kwa lenzi

Hapa usiharakishe. Chagua mahali penye kivuli kizito, kwa mfano upande wa farasi au mkunjo wa joho, uweke lenzi, na utazame mstari mmoja tangu unapoanza hadi unapokoma.

Mstari wa chombo cha ncha huanza mwembamba kama unywele, hunenepa katikati pale mkono ulipokandamiza, kisha huchongoka tena mwishoni pale chuma kilipotoka nje ya shaba. Mstari wa tindikali una unene ule ule mwanzo na mwisho, ncha zake ni butu, na unatembea kwa uhuru wa kalamu, kwa sababu sindano iliyochora kwenye nta haikukutana na ukinzani wowote. Katika kazi za Hogarth utakuta mara kwa mara majani, mawingu na umati wa mbali vimechorwa kwa tindikali, huku nyuso na vivuli vikuu vikiimarishwa kwa chuma. Ukiinamisha karatasi kidogo chini ya mwanga wa pembeni, wino wa mistari minene utauona umeinuka juu ya karatasi kama mshono. Uinuko huo hautolewi na mashine ya kisasa ya ofseti.

Nakala za kisasa hujisema zenyewe chini ya lenzi. Mstari uliochapwa kwa ofseti kutokana na picha ya kamera huvunjika kuwa vitone vilivyojipanga kwa safu, na kivuli huwa wavu wa vitone. Niliwahi kununua sokoni picha iliyotiwa fremu nzuri ya mbao, yenye rangi ya majivu na madoa ya uzee ya kuaminika, nikaifungua nyumbani na kukuta kwamba hata madoa yalikuwa vitone. Tangu siku hiyo lenzi haitoki mfukoni mwangu.

Kisha pima uchakavu. Shaba ni laini, na kila chapa hulisugua bamba mara mbili, kwa kitambaa na kwa roli. Mistari ya kwanza kufa ni ile iliyokwaruzwa kwa wepesi: vivuli vya mashavuni, sura za watu wa nyuma, maandishi madogo yaliyo ndani ya picha. Chapa ya mapema ina weusi wa kina na nyuso zenye mviringo. Ya mwisho mwisho ina nyuso bapa zilizopauka, na mara nyingine mistari minene isiyolingana na mingine, dalili kwamba mtu amelichonga bamba upya ili alifufue. Katika msanii ambaye dhihaka yake imo katika mkunjo wa mdomo, hasara hiyo ni kubwa.

Hatua ya 4: Tazama kulia na kushoto

Picha ya shaba hutoka kinyume cha ilivyochongwa, kama sura kwenye kioo. Mchongaji aliyetaka upanga uonekane katika mkono wa kulia alipaswa kuuchonga kwenye mkono wa kushoto. Mnakili aliyeiga chapa iliyokwisha kuchapwa, akaichora moja kwa moja kwenye bamba lake bila kuigeuza, alipata picha iliyopinduka. Basi linganisha picha yako na ile ya makumbusho. Ikiwa watu wanaotazama kulia huko wanatazama kushoto kwako, panga ziko mkono wa kushoto na vifungo viko upande usiozoeleka, umekaribia sana kuthibitisha kwamba una nakala.

Kupinduka peke yake hakutoshi, kwa sababu mnakili stadi aligeuza mchoro kabla ya kuchonga. Nakala inayowatatiza wanunuzi wa Hudibras zaidi ya nyingine zote ni ya toleo lililohaririwa na Zachary Grey na kuchapishwa Cambridge mwaka 1744 katika majuzuu mawili. Picha zake zilichongwa na J. Mynde kwa kumfuata Hogarth, kwa kipimo kidogo. Ni kazi ya heshima, wala hakuna udanganyifu ndani yake, lakini muuzaji akiandika jina la Hogarth tu kwenye bei, umelipia mkono ambao haukuligusa bamba lile.

Hatua ya 5: Soma maandishi ya ukingoni

Chini ya mchoro, kwa herufi ndogo, majina huandikwa pamoja na vifupisho vya Kilatini. Vitakusaidia kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya muuzaji. Invenit, au inv., humtaja aliyebuni picha. Delineavit, au del., aliyeichora kwenye karatasi, pinxit aliyeipaka rangi kama ilikuwapo picha ya rangi kwanza, sculpsit, sculp. au sc. aliyeichonga, fecit aliyeifanya, na excudit aliyeichapisha. Mtu mmoja akibeba inv. na sculp. pamoja, wazo na mkono ni vyake. Hogarth akibeba inv. na jina jingine likabeba sc., umerudi kwa akina Mynde. Akibeba sculp. peke yake, huenda alichonga wazo la mwingine kwa ujira, kama kijana yeyote wa karakana alivyofanya. Miaka michache kabla ya Hudibras alichonga mabamba ya kitabu cha safari za Mfaransa Aubry de La Mottraye, na huko usitafute tashtiti.

Tazama jina la mwuzaji na anwani yake. Bamba lilipouzwa, mmiliki mpya mara nyingi alilifuta jina la zamani kwa kusugua shaba na kuchonga lake, na mahali paliposuguliwa huonekana kama ukungu wa kijivu chini ya herufi. Chapa zenye tofauti za namna hiyo huhesabiwa kuwa za hali tofauti za bamba moja, na orodha ya Ronald Paulson ya kazi za Hogarth imezipanga kwa nambari.

Kuna mambo mawili ya tarehe. La kwanza, Uingereza hadi mwaka 1752 ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo jambo la Februari 1726 kwa hesabu yetu lingeweza kuandikwa 1725 na watu wa wakati ule, na picha kubwa za Hudibras zilitoka Februari hiyo. La pili, maneno yanayosema kwamba picha imetolewa kwa mujibu wa Sheria ya Bunge yanahusu sheria iliyoanza kutumika Juni 1735, ambayo Hogarth mwenyewe aliipigania ili wachongaji walindwe na wanakili kwa miaka 14. Bamba la 1726 halikuwa na sababu ya kubeba maneno hayo.

Tarehe huweza kupimwa na yaliyomo pia, na mfano wa kwetu ni mzuri. Katika kitabu cha miji ya dunia cha Braun na Hogenberg kilichotoka Köln mwaka 1572, kuna bamba moja linaloonyesha Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Akikujia mtu na picha ya Mombasa anayosema ni ya kitabu hicho, na ngome ikawa imesimama mlangoni mwa bandari, huhitaji hata lenzi. Ifanyie kazi hiyo hiyo picha ya Hogarth ya Temple Bar: tukio ni la mwaka 1660, watu wa London walipochoma nyama ya mikia kulidhihaki Bunge la mabaki lililopachikwa jina la Rump, yaani mkia, lakini lango lililosimama siku za Hogarth lilijengwa kati ya 1669 na 1672. Jiulize alichora lango lipi.

Hatua ya 6: Fungua shairi, ndipo uifasiri picha

Picha kubwa zina beti za Butler zilizochongwa chini yake. Zisome, kisha utafute sehemu hiyo katika shairi na usome ukurasa mmoja kabla na mmoja baada. Andika kila kitu ambacho shairi limekitaja kwa umbo. Hudibras ana kibiongo mgongoni na kitambi mbele kinachokisawazisha. Ndevu zake zimekatwa mfano wa kigae, naye ameweka nadhiri ya kutozinyoa. Mpini wa upanga wake ni mpana kiasi cha kutiwa mchuzi, ili ufae vitani na mezani, na upanga wenyewe umeliwa na kutu kwa kukosa kazi. Suruali yake imejazwa mikate, jibini na soseji za damu. Amevaa chuma cha kuchochea farasi kwenye kisigino kimoja tu, kwa hoja kwamba upande mmoja wa farasi ukienda mbio, wa pili hautabaki nyuma. Shika lenzi sasa, utafute kimoja kimoja, na uandike kilichochorwa, kilichoachwa na kilichoongezwa. Vilivyoongezwa ndivyo vya Hogarth mwenyewe, navyo ndivyo unavyovitafuta.

Tuchukue msafara wa Skimmington, picha iliyonifunza zaidi kuliko zote kumi na mbili. Skimmington ilikuwa desturi ya Kiingereza ya kumzomea mume aliyepigwa na mkewe: majirani waliandamana wakipiga vyungu na sufuria, wakapandisha mtu na mwenzake juu ya farasi, mwanamke akitazama mbele na kumpiga mwanamume kwa mwiko, na mwanamume akitazama mkiani akiwa na kijiti cha kusokotea uzi, kazi ya wanawake, mikononi mwake. Gauni la ndani hutungikwa juu ya mti kama bendera. Pembe zinazobebwa juu ya vichwa zina maana ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuibahatisha, kwani katika Ulaya ya wakati ule pembe zilikuwa ishara ya mume aliyesalitiwa. Asiyejua hayo ataona sherehe ya kijiji.

Lakini jiulize Hudibras anafanya nini pale. Katika shairi alikuwa amefungwa miguu kwenye gogo la adhabu, na mjane anayemposa akamfungulia kwa sharti kwamba aape kujichapa viboko. Sasa yumo njiani akibishana na Ralpho namna ya kukivunja kiapo hicho, ikiwezekana mtumishi achapwe kwa niaba yake. Ndipo unapotokea msafara, naye, mtu huyu huyu anayetafuta mlango wa kumkimbia mwanamke, anasimama kuwahutubia watu kwamba wanawake wanavunjiwa heshima, wanawake waliojitolea kwa ajili ya dini. Jibu analolipata ni mayai mabovu usoni. Ukiijua habari hiyo, mkono wake ulioinuliwa kwa hotuba katikati ya makelele unabadilika mbele ya macho yako, kwa kuwa unaona kwamba mtu pekee katika picha ambaye ameaibishwa na mwanamke kwa haki yumo juu ya farasi wa mbele, akihubiri. Kisha mrudie mume wa msafara anayetazama nyuma, uwalinganishe wapanda farasi hao wawili. Mimi naamini Hogarth alitaka tuwalinganishe, na ndiyo sababu alihitaji bamba la upana ule.

Kumbuka pia umbali wa wakati. Butler aliwadhihaki watu waliokuwa wametawala jana. Hogarth alichora baada ya miaka sitini, wakati watu hao walikwisha kuwa hadithi. Kwa hiyo usiisome kila sura kuwa ni mwanasiasa fulani wa 1726 mpaka upate ushahidi ndani ya picha yenyewe.

Hatua ya 7: Andika na utunze

Andika rekodi moja kwa kila picha: vipimo vya bamba na vya karatasi nzima, aina ya karatasi, alama ya maji, maandishi yote herufi kwa herufi hata yenye makosa, hali ya uchakavu, mwelekeo ukilinganishwa na chapa ya makumbusho uliyoitaja, madoa na michaniko. Nyuma ya karatasi usiandike chochote isipokuwa nambari ndogo ya penseli laini kwenye kona.

Mengi huharibiwa na watu wenye nia njema. Usiipige pasi picha iliyokunjika, kwa maana utaua bonde la bamba na uinuko wa wino kwa dakika moja. Usiipake gundi ya karatasi, usiizibe kwa selotepu, ambayo huacha doa la kahawia lisilotoka, na usiifunike kwa plastiki ya moto kama cheti cha shule. Usiipake rangi. Ukitaka fremu, agiza kadi isiyo na asidi yenye dirisha, ili kioo kisiiguse karatasi, na uitundike ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala kupakana na bafu. Makumbusho hupunguza mwanga wa picha za karatasi hadi karibu luksi 50, na nyumbani inatosha kuiweka mahali pa kivuli na kuipumzisha ndani ya kabati baadhi ya miezi.

Kwa walioko pwani adui mkubwa ni unyevu wa masika, unaoleta madoa ya rangi ya kutu na ukungu. Hifadhi picha zikiwa zimelala bapa ndani ya boksi la kadi isiyo na asidi, karatasi safi ikitenganisha kila moja, juu ya rafu iliyoachana na ukuta, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa. Fungua boksi mara moja kila mwezi, siku kavu, uangalie pembe na mgongo wa kila karatasi kwa tochi. Ukiona unga mweupe wa ukungu usiupanguse kwa kitambaa, kwa sababu utausugua ndani ya nyuzi. Itenge picha hiyo peke yake mahali pakavu penye upepo, na uipeleke kwa mhifadhi wa karatasi wa makumbusho au nyaraka aliye karibu nawe.